Mwili umebaki Shangani, wewe uko Tokyo

Maswali ya wasomaji, anajibu Mama Safari

SWALI: Shikamoo Mama Safari. Mi ni msomaji wako wa hapa Mtwara mjini, Shangani, nina miaka 36, kazi yangu kununua na kuuza korosho. Mdogo wangu wa kike yuko Tokyo mwaka wa nne sasa anasoma, mwisho wa mwezi wa tatu anamaliza na mahafali ni jumatatu saa nne asubuhi. Mimi na mama tumejichanga misimu mitatu ya korosho mpaka tiketi zikapatikana, viza nazo tumepata alhamdulillah. Tunatua jumamosi saa moja jioni, kwa hiyo jumapili ndo siku yetu ya kwanza na nimeshaipanga yote, asubuhi hekalu la Asakusa, afu ule mnara wa Skytree, afu Shibuya pale watu wanapovuka barabara wote kwa pamoja, jioni maduka, maana tuna siku sita tu na hela ilivyotutoka sitaki nipoteze hata saa moja. Sasa kaka yetu aliwahi kwenda China anasema siku ya kwanza hatutaweza chochote, tutakuwa kama tumelewa. Mama ana miaka 63 na anakunywa dawa za presha. Ni kweli au kaka ananitisha tu? Dada wa Korosho, Shangani

JIBU: Marahaba mwanangu, hongereni sana, na mama nisalimie mno, kukaa ukumbini Japani kumuona mwanao anahitimu si jambo dogo.

Kaka yako hakutishi, anasema kweli, ila hajakuambia la kufanya. Barua yako nimekaa nayo siku mbili kwa sababu hilo la jumatatu saa nne limenigusa. Tokyo iko mbele yetu masaa sita. Mkiwa mmekaa ukumbini saa nne asubuhi mnasubiri jina la mdogo wako lisomwe, hapa Shangani ni saa kumi alfajiri, ule muda joto la mwili limeshuka kabisa na usingizi ndo umekolea, muda ambao dereva wa usiku anafungua dirisha apigwe na upepo asije akasinzia. Yaani atapanda jukwaani kwenye saa mbaya kuliko zote kwa miili yenu. Kwa hiyo jumapili yako usiihesabu kama siku ya kutembea, ihesabu kama siku ya kuiandaa jumatatu.

Mwili una saa yake. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo sana inayopokea habari za mwanga kutoka machoni, ndo inayoamua usingizi uje saa ngapi na njaa ije saa ngapi, na haijui kwamba umepanda ndege. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobeli mwaka 2017 kwa kuonyesha saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli, na walianzia kwa vile vijiinzi vya matunda yaliyoiva. Kwa watu wengi saa hiyo ni ndefu kidogo kuliko masaa 24, ndo maana kuchelewa kulala ni rahisi ila kujilaza mapema ni kazi, na ndo maana kwenda mashariki kunaumiza kuliko kwenda magharibi, mashariki unalazimishwa kuwahi. Kwa makadirio mwili unahama kama saa moja kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, masaa sita na siku zenu sita, mtakuwa mnazoea ndo mnafunga mabegi.

Nilipoenda Umra sikuona hata dalili, nilichoka tu na safari, kwa sababu Makka na Mtwara saa ni moja. Nikajua basi mimi ndege hazinisumbui. Afu mwaka mmoja mwezi wa pili nikaenda Tokyo kumuona mwanangu, safari niliyoisubiri tangu siku aliyoondoka. Nikatua asubuhi, usiku mzima kwenye ndege sijafumba jicho. Mwanangu alikaa bweni la wanafunzi, wageni hawalali, kwa hiyo nikachukua hoteli, wao wakasema chumba mpaka saa tisa alasiri, kule ndo utaratibu. Saa tisa napewa ufunguo nikasema najinyoosha dakika kumi, hata viatu sikuvua. Nilivyofumbua macho ni saa saba usiku. Mtoto alishapika wali na samaki jikoni kwao bwenini, kanisubiri, kapiga simu mpaka kachoka, chakula kikapoa. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake ya asubuhi, "mama nilikusubiri," moyo unaniuma.

Saa tisa usiku njaa ikanikamata kama sijala siku mbili, maana Mtwara ilikuwa saa tatu usiku, muda wa kula. Nikashuka kwenye kaduka pembeni ya hoteli, kule kuna maduka madogo hayafungwi usiku wala mchana, nikanunua wali umefinywa umbo la sambusa na kuzungushiwa kitu cheusi chembamba kama karatasi. Kuonja, kumbe mwani! Si ule wanaouanika kina mama huku kwetu pwani, ni aina nyingine kabisa, ila ile harufu ya bahari ni yenyewe. Nikala nimesimama dirishani naangalia barabara haina mtu, taa za barabarani zinageuka nyekundu, zinageuka kijani, gari hakuna hata moja. Kesho yake saa nne asubuhi nikapanda treni ya Yamanote, hiyo inazunguka jiji kama duara, vituo 30, mzunguko mzima kama saa moja hivi. Viti vina joto chini wakati wa baridi. Nilikaa tu, nikaja kushtuka nimerudi kituo kile kile nilichopandia, na hakuna aliyeniamsha maana wenyeji nao wanalala humo kila siku.

Sasa nyie fanyeni hivi. Siku nne kabla ya safari anzeni kulala mapema na kuamka mapema, nusu saa nusu saa kila siku, mpaka siku ya kuondoka mnaamka saa kumi alfajiri, mama kama anaamka na adhana ya alfajiri basi yeye ameshaanza bila kujua. Ikiwezekana msifike Dar siku ile ile ya ndege, maana basi la kutoka Mtwara ni siku nzima, mkiongeza masaa kama sita mpaka nchi za Ghuba na mengine kama kumi mpaka Tokyo mtatua hamjui hata mashariki iko wapi. Kwenye ndege mama asikae tu, kila baada ya muda ainuke atembee, akikaa azungushe nyayo, damu isije ikaganda miguuni. Dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, na huyo daktari mumuulize kabla, kidonge cha asubuhi kitafuata asubuhi ipi. Dawa za mafua usijibebee tu, Japani wakali, zipo zinazouzwa huku kawaida na kule haziruhusiwi kuingia.

Jumamosi usiku kitandani ni saa nne au tano, usingizi ukigoma msigombane nao, mwili unajua ni saa kumi jioni, laleni taa imezimwa na simu mbali. Jumapili asubuhi ndo penye kosa ambalo watu wengi hawalijui. Watu wanasema ukifika toka nje upate jua, kweli, lakini sio jua la saa yoyote. Saa kumi na mbili asubuhi ya Tokyo mwili wako uko saa sita ya usiku, mwanga mkali muda huo unaisukuma saa ya mwili irudi nyuma, yaani inazidi kukupeleka kwenye kuchelewa wakati wewe unataka kuwahi. Kwa hiyo asubuhi pazia lifungwe, mnywe chai taratibu ndani, kama lazima mtoke vaeni miwani ya jua. Kuanzia kama saa nne ndo tokeni, na mkitoka msirudi ndani mpaka saa nane, hilo ndo jua lenu. Kama kule kuamka mapema mlikufuata vizuri hapa nyumbani, mnaweza kutoka saa tatu.

Na mtoke kwenda wapi? Asakusa iache, mnara wa mita 634 uache, Shibuya iache kabisa, umati ule na usingizi haviendani na mama wa miaka 63. Nendeni Ueno peke yake. Ni bustani kubwa ya wazi, ina bwawa, ina miti ya sakura, na mwisho wa mwezi wa tatu ndo muda wake wa kuchanua, wenyeji wanatandika mikeka chini ya miti wanakula na familia zao, mtajiona kama mko kwenye shughuli ya mtu. Nyie nanyi tandikeni khanga mkae. Vaeni sweta na koti, kwa mtu wa Mtwara ile ni baridi kweli. Chakula cha mchana mle saa za kule hata kama hamna njaa, kahawa iishie hapo hapo maana inakaa mwilini masaa mengi. Mama akilemewa alale dakika 20, alamu imewekwa na mtu yuko pembeni macho, sio ile "najinyoosha kidogo" yangu. Jioni taa hafifu, kula, kulala. Jumatatu amkeni saa moja, kahawa sasa ruksa, na njiani kwenda ukumbini mkae upande wa jua.

Hiyo minara na maduka utaikuta jumanne na jumatano, haihami.

Halafu kitu kimoja kitakachokusaidia kupiga simu nyumbani. Saa ya ukutani ya Tokyo ukiisoma ile namba kama ilivyo, ndo saa ya kwetu kwa Kiswahili. Kule ikionyesha 1 mchana, Mtwara ni saa moja asubuhi. Ikionyesha 4, kwetu ni saa nne asubuhi. Tofauti ya masaa sita na kuhesabu kwetu kwa Kiswahili vinakutana hapo, huhitaji hata simu. Itumie kumpigia baba tu, mambo yenu wenyewe fuateni saa ya pale, maana ukishaanza kusema "kumbe nyumbani saa hizi usiku" macho yanafunga yenyewe.

SWALI: Salaam Mama Safari. Mimi ni mwalimu mstaafu, Lindi, miaka 67. Mwezi wa sita mwaka huu mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Ujerumani ananipeleka Berlin kumuona yule mjusi wetu wa Tendaguru, yule dainosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi. Nimemfundisha darasani miaka 30 kwa picha ya kuchora ubaoni na chaki, sijawahi kumuona. Babu mzaa baba alikuwa kwenye wapagazi waliobeba ile mifupa. Tunatua asubuhi na kijana anasema tutoke uwanjani moja kwa moja mpaka makumbusho. Nasikia kuna ugonjwa wa masaa, utanipata? Mwalimu, Lindi

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Huo wa masaa hautakupata, mwezi wa sita Berlin iko nyuma yetu saa moja tu, mwili hautagundua. Kitakachokupata ni usiku wa kukaa wima kwenye kiti cha ndege, na kingine ambacho sisi wa huku hatukitegemei, jua lenyewe. Maghribi ya Lindi mwaka mzima inacheza hapo hapo saa kumi na mbili na kitu. Berlin mwezi wa sita jua linazama kwenye saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshatoka. Utakaa na kijana wako mkiongea ukidhani ni alasiri, kumbe ni saa nne kasoro na hujala. Kula kwa saa, sio kwa jua, na muombe chumba chenye pazia zito.

Ila makumbusho siku ya kwanza hapana Mwalimu, nakuomba sana, mwambie kijana nimesema mimi. Ile mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikafungwa, ile mikubwa vipande vipande, watu wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, yule mnyama leo amesimama pale zaidi ya mita 13 kwenda juu. Usiende kumtazama na macho yaliyovimba kwa usingizi, ukasoma kibao huelewi, miguu inatafuta benchi. Siku ya kwanza oga, lala saa moja na nusu isizidi, mtembee barabarani jioni taratibu. Siku ya pili makumbusho yakifunguliwa muwe mlangoni kabla wanafunzi wa shule hawajajaa.

Na usianze na kichwa, kila mtu anaingia anainua shingo kutafuta kichwa. Anza chini, mifupa ya miguu, ile ndo ilikuwa mizigo ya watu, simama hapo kwanza muda wowote unaoutaka. Kijana akae na simu tayari lakini asikuharakishe. Ukirudi niandikie tena, nataka kujua.