Ukialikwa kuwinda fezanti Uingereza, anza na waswagaji

Ukiishi Uingereza nje ya miji mikubwa, ipo siku jirani au mfanyakazi mwenzako atakuambia: njoo Jumamosi, tunawinda fezanti. Kabla hujaitikia, muulize unakwenda kama mpiga bunduki au kama mswagaji, yaani anayewatoa ndege hawa msituni wapite juu ya wenye bunduki. Mpiga bunduki hulipa, na gharama hukadiriwa kwa idadi ya ndege. Pauni 40 kwa ndege mmoja si ajabu. Mswagaji hulipwa yeye, pesa ya sabuni tu, na jioni mara nyingi hupewa jozi ya ndege. Mimi nasema mara ya kwanza nenda na waswagaji, hata kama una hela.

Msimu ni kuanzia 1 Oktoba hadi 1 Februari, kwa hiyo tegemea tope na baridi ya kung'ata. Jumapili hakuna, sheria ya mwaka 1831 inakataza. Wenye bunduki utawakuta na suti za sufu nzito na tai shingoni, tai kabisa, porini! Wewe usihangaike nayo. Vaa buti za mpira, suruali ya mvua juu ya ile ya kawaida, na glavu ngumu, maana miiba ya huko haina adabu.

Upande ninaoupenda ni Exmoor, kwenye mpaka wa Devon na Somerset, kwa sababu mabonde yake ni ya kina na ndege hupita juu sana. Fezanti analingana na kanga, dume ana rangi ya shaba na mkia mrefu. Asili yake ni Asia, na kila mwaka makumi ya mamilioni hulelewa na kuachiwa kabla ya msimu. Utashangaa kuona mahindi yamepandwa, yamekauka, wala hakuna anayevuna: ni maficho ya ndege.

Mnapangwa mstari mmoja ukingoni mwa msitu, kila mtu na fimbo yake, au bendera iliyokatwa kwenye mfuko wa mbolea. Anayeongoza ni mtunza ndege, yule aliyewalea. Ishara ikitolewa mnatembea mkigonga mashina, na kazi yote iko hapo kwenye kwenda taratibu. Fezanti ni mvivu wa kuruka. Anakimbia kwa miguu mbele yenu kama kuku aliyefukuzwa jikoni, mpaka msitu unaisha. Hapo mtunza ndege anapaza sauti, simameni! Kila mtu anaganda. Ndani ya kichaka unaona kichwa chenye mashavu mekundu kinachungulia, kisha vingine vitano. Unagonga fimbo, ko, ko, polepole. Wawili wanaruka kwa kishindo cha mabawa. Kimya. Halafu watatu. Akitokea mwenye pupa akaongeza hatua mbili, au mbwa akachoropoka, kundi zima linaruka kwa mkupuo juu ya watu wenye mitutu miwili tu kila mmoja. Wanafyatua risasi mbili mbili, basi, na ndege wote wa msitu ule wameshapita. Maneno ya mtunza ndege baada ya hapo siwezi kuyaandika.

Ukishaona hayo, siku utakayosimama bondeni na bunduki utaelewa kwa nini ndege wa chini hapigwi. Kule juu kuna watu. Sharti uone anga nyuma ya ndege, na mtutu usimfuate ukapita usawa wa jirani yako. Februari 2006 Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani, aligeuka akimfuata ndege huko Texas akammiminia marisau (vile vijipira vya risasi) usoni na kifuani mwenzake, Harry Whittington. Alipona, lakini wewe usijaribu bahati.

Wapo wasiopenda mchezo huu, na wana hoja. Tarehe 18 Desemba 1913, pale Hall Barn, shamba la kitajiri huko Uingereza, mfalme George V na wenzake waliua ndege 3,937 kwa siku moja, na inasemekana mfalme mwenyewe alikiri wamezidisha. Kwangu mimi mpaka ni huu: kama ndege hawaliwi, siendi.

Kwa Waislamu, ongea mapema na wenye mbwa wa kuokota ndege walioanguka kama unataka kuwahi kumchinja aliye hai. Kuhusu aliyekufa kwa risasi wanazuoni wana rai tofauti, kwa hiyo muulize shehe wako kabla ya kwenda, si ukiwa tayari na jozi mkononi.

Nyama yake haina mafuta na hukauka haraka, hivyo achana na kuchoma. Mkaange kidogo na vitunguu na tangawizi, kisha mwache kwenye tui la nazi juu ya moto mdogo mpaka alainike. Kabla ya kumkata pitisha vidole kwenye kidari: risau huingia na unyoya, na mahali palipo na doa jeusi ndipo lilipo. Litoe. Jino likivunjika, kumpata daktari wa meno Uingereza ni uwindaji mwingine.