Umeingia Uyahudi: nani anakutambua?

Niliingia Uyahudi kwa marabi (viongozi wa dini ya Kiyahudi) wa Kihafidhina hapa Mbale, Uganda. Je, natambulika?

Na nani, na kwa shughuli gani? Swali hili naletewa likiwa nusu kila mara, tafadhali likamilisheni. Uyahudi una mikondo mitatu mikubwa: Waothodoksi wanaoshika sheria ya kale kwa ukali, Wamageuzi walioilegeza, na Wahafidhina walio katikati. Kwa Wahafidhina na Wamageuzi umeshaingia. Kwa Waothodoksi bado, hata kama marabi watatu walikaa kama mahakama, ukatahiriwa na kuzamia kwenye mikve, yaani birika la kujitakasa. Wao wanataka kujua hao marabi watatu ni kina nani na wanashikaje amri.

Israeli inaweza kunipa uraia halafu ikanikatalia ndoa?

Ndiyo. Sheria ya Kurejea ya 1950, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia Israeli na kupata uraia, inasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Ndoa na talaka za Wayahudi, tangu sheria ya 1953, ziko kwa mahakama za kirabi, nazo ni za Kiothodoksi. Machi 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba walioingia kwa Wahafidhina au Wamageuzi ndani ya Israeli wana haki ya uraia. Ndoa haikuguswa. Wengi walishangilia bila kusoma.

Na mwanzoni mwa mwaka huohuo mahakama hiyo ilimkatalia uhamiaji Mwabayudaya mmoja, yaani mtu wa jamii ya Kiyahudi ya Uganda. Hawa ni watu ambao wazee wao walimfuata chifu Semei Kakungulu kuingia Uyahudi mwaka 1919, wakasali kwa kujificha Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, na mwaka 2002 mamia yao wakasimama mbele ya marabi wa Kihafidhina waliotoka nje ya nchi ili waingizwe rasmi. Mmarekani aliyeingia kwa mkondo huohuo hupokewa kwa karatasi zake. Mimi naiita dhuluma.

Baba ni Myahudi, mama Mkristo. Lazima niingie upya?

Wamageuzi wa Marekani, tangu 1983, hapana, ukilelewa Kiyahudi. Wahafidhina na Waothodoksi, lazima.

Kuna rabi mtandaoni anatoa cheti kwa wiki mbili, nilipe?

Usilipe! Hakuna mkondo wa maana utakaokipokea. Anayetaka njia ya Kiothodoksi aanze kwa kuliuliza baraza la kirabi la mahali atakapoishi, maana hata Waothodoksi hukataana. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya kirabi ya Israeli ilitilia shaka maelfu walioingia chini ya Chaim Druckman, rabi wa Kiothodoksi aliyeongoza idara ya serikali ya kuingiza watu Uyahudi. Watu walikuwa wameshaoa na kuzaa. Kwa hiyo ukimaliza, dai cheti chenye majina na sahihi za marabi wote watatu, na nakala yake ikae mbali na nyumbani.