Mnaoanza kusoma makanisa ya kale, hesabuni wenyewe

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kusoma majengo ya kale, nianze na aibu yangu. Ripoti yangu ya kwanza ilihusu kanisa la Saint-Pierre lililoko Aulnay, kijiji cha magharibi mwa Ufaransa, kwenye njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania. Mlango wake wa kusini una matao manne, moja ndani ya jingine. Kwenye tao la tatu wamechongwa wazee wenye mataji, ala za muziki mkononi. Nikajua ni wale wa kitabu cha Ufunuo, nikaandika "wazee 24" kwa kujiamini kabisa. Msimamizi wangu akanirudisha mlangoni nikahesabu. Wako 31!

Mimi naona mchongaji aliijua Biblia yake vizuri tu. Tazama tao kwa karibu: kila jiwe limebeba mzee mmoja. Tao likiwa pana, mawe yanaongezeka, na wazee nao wanaongezeka. Kwa hiyo kabla hujatafuta fumbo la namba, muulize kwanza fundi mwashi alikuwa na nafasi kiasi gani.

Kosa jingine la wageni ni kuuliza kanisa lilijengwa "mwaka gani". Sehemu kubwa ya Aulnay ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 12. Lakini zile nguzo mbili nene zinazoegemeza ukuta wa mbele, upande wa magharibi, ni za karne ya 15, na kipande cha juu cha mnara wa kengele nacho si cha waashi wa kwanza. Pitisha macho kwenye maungio ya mawe. Mistari ya ukuta wa zamani na ya nguzo isipokutana, hapo kuna mikono miwili ya nyakati tofauti. Ichore kwa penseli. Picha za simu zinapendeza, ila hazikulazimishi kuangalia.

Jihadhari pia na karne ya 19. Kanisa hili liliingizwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na serikali mwaka 1840, na enzi hizo mafundi wa ukarabati walikuwa wakibadilisha mawe kote Ufaransa. Jiwe lenye kingo kali kupita jirani zake litilie shaka.

Mambo ya vibali ni mepesi kuliko mnavyodhani. Kufuatana na sheria ya Ufaransa ya 1905, iliyotenganisha dini na serikali, makanisa mengi ya vijijini ni mali ya halmashauri ya kijiji, kwa hiyo mbali na padri, piga hodi pia ofisi ya meya. Beba tochi na futi kamba. Valia viatu vya kutembea, maana Aulnay kanisa liko katikati ya makaburi.

Ukiingia ndani, nenda mkono wa kusini wa jengo, maana limepangwa kwa umbo la msalaba, umulike vichwa vya nguzo. Kimoja kina tembo, na juu yao maneno ya Kilatini: HI SUNT ELEPHANTES, yaani "hawa ndio tembo". Nilicheka peke yangu. Mtu aliyekulia jirani na Mikumi haandikiwi kwamba huyu ni tembo! Mchongaji yule nadhani alichonga kwa kusimuliwa, akaona bora aandike, wasije wakamdhania amechonga nguruwe.