Njaa isiyoisha huku unakonda: kapime sukari kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Umesema unakula ukashiba, saa moja haipiti tumbo linadai tena, na suruali zimeanza kukulegea kiunoni. Hilo la kukonda ndilo lililonishtua. Anayekula sana kwa kawaida hunenepa. Akikonda, huenda chakula hakifiki kinakotakiwa.

Mdogo wangu alianza hivyohivyo. Usiku aliamka hata mara nne kukojoa, na kando ya kitanda hakukosa chupa ya maji. Kumbe ni kisukari. Sukari hujaa kwenye damu, lakini bila insulini ya kutosha, ile homoni inayoipitisha, haiingii kwenye seli, ndiyo maana mwili unalia njaa.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, nenda ukapime. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi baada ya kukaa kwa muda wa saa 8 bila kula, daktari kwa kawaida atarudia kipimo ili athibitishe. Ikiwa sukari iko sawa, omba wakupime tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, hasa kama moyo unakwenda mbio, unatoka jasho na mikono inatetemeka. Mtajie daktari pia dawa zote unazotumia. Prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, kwa mfano, huongeza hamu ya kula. Ila usiiache ghafla bila yeye kukuambia.

Tafadhali usijinyime chakula, wala usimeze dawa za mtu mwingine. Na ukianza kutapika, kuhema kwa nguvu au kuchanganyikiwa, usingoje kuche: nenda hospitali saa hiyohiyo.