Sakafu ya lori la ng'ombe: acha kuangalia juu tu, ingia chini

Mimi nina Fuso moja ya zamani, nabeba ng'ombe kutoka Teso na Karamoja napeleka machinjioni Kampala, huu ni mwaka wa 11. Leo siongei injini wala tairi, hayo kila dereva ni profesa. Naongea zile mbao ng'ombe wanasimamia, maana zimenila pesa kuliko gia boksi na hakuna mtu alikuwa ameniambia.

Ilikuwa usiku. Tumepakia ng'ombe 14 kule Ocorimongin, Katakwi, tumefika Mbale salama, tumekula, tukashika barabara ya Tirinyi. Hatujafika Namutumba nasikia gari inapigwa mateke kwa chini, si kwa ubavuni vile tumezoea, kwa chini kabisa, halafu taniboi anagonga bodi anapiga kelele "Mzee simama! simama!" Nikashuka na tochi ya simu, nikainama, naona mguu wa ng'ombe unaning'inia karibu na propela shafti. Mbao ilikuwa imetoboka kama ile gazeti ya kufungia mandazi ikishalowa mafuta. Kumtoa ilituchukua karibu saa mbili, mguu umeshavunjika, tukamchinjia palepale na mwenye bucha wa senta ya karibu akanunua kwa bei ambayo naona aibu kuiandika hapa. Mwenye ng'ombe nilimlipa kidogo kidogo miezi mitatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sakafu hiyo nilikuwa nimeiosha wiki hiyohiyo! Kwa juu inang'aa. Nilikuwa nimetandika raba nzito juu ya mbao ili ng'ombe wasiteleze, na nikiosha nilikuwa naosha juu ya raba basi, naona maji masafi yanatoka nasema kazi imekwisha.

Kesho yake fundi mmoja Mbale akaingia chini ya gari na bisibisi, akawa anadunga mbao moja moja. Nzuri inagoma, unasikia ko ko. Mbovu bisibisi inazama mpaka mpini bila hata kelele. Akatoka amejaa matope ananiambia, "Mzee, wewe umekuwa ukibebea ng'ombe juu ya keki." Tuling'oa mbao tano.

Sasa sikia. Maji ya kawaida hayana ubaya sana kama mbao inapata upepo ikakauka. Ubaya ni mkojo. Ng'ombe mmoja kwa siku anaweza kutoa lita 10 mpaka 20 za mkojo, piga hesabu na 14, halafu wamesimama usiku mzima. Ukikaa na mavi unatoa ile amonia inayochoma macho, unazama kwenye nafasi za mbao, unazunguka boliti, boliti inaota kutu, na pale kutu ilipo utaona mbao imekuwa nyeusi mviringo kama jicho. Hapo ndipo uanze kudunga. Boliti ya kutu inaozesha mbao na mbao yenye unyevu inazidisha kutu ya boliti, wanaharibiana. Kisha vinahamia kwa vile vyuma vinavyokingama juu ya chasisi, na hivyo vikiliwa, ndugu yangu, hiyo si kazi ya fundi wa mbao tena, utaenda Katwe kwa watu wa kuweldi na utajua bei.

Sasa ninavyofanya. Nikishashusha mzigo tu, kabla ya chai, taniboi anakwangua mavi yote na koleo yakiwa bado mabichi. Yakikauka utatumia maji mara tatu na bado kona ya nyuma ya kabini itabaki na kitu, hiyo kona na zile mbao za mwisho kwa geti ndizo zinakufa kwanza, kona kwa sababu fagio halifiki, geti kwa sababu kila kitu kinatiririkia huko. Halafu raba zinatoka nje. ZOTE. Najua ni nzito, najua taniboi atanuna, wangu alinuna mwezi mzima. Nilikata zile raba ndefu nikafanya vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuinua, tangu siku hiyo kununa kumepungua.

Gari ipaki kichwa kikiangalia mlimani ili maji yatoke nyuma yenyewe, sabuni ya kawaida ya unga, fagio gumu, na suuza pia kutoka chini kwenda juu, yaani lala chini ya gari upige maji kwenye vyuma na nafasi za mbao. Mashine ya presha ni nzuri lakini usiibandike karibu sana na mbao, inachana nyuzi za mbao inazifanya manyoya, na mbao yenye manyoya inanywa mkojo kama sponji. Baada ya hapo geti wazi, raba zimeegeshwa ubavuni, jua lifanye kazi, na raba hairudi mpaka chini yake pakauke kabisa. Mimi huwa narudi na mzigo wa simenti, kwa hiyo nina sababu nyingine, ukipakia simenti kwenye sakafu yenye maji mifuko ya chini inakuwa mawe na mwenye duka hatakuelewa.

Jambo moja la hatari. Usimwage jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, juu ya sakafu yenye mkojo. Taniboi wangu alifanya hivyo siku moja, tena alikuwa anataka kunifurahisha, na ndani ya dakika chache alikuwa nje amekaa chini anakohoa machozi yanatoka. Jik ikikutana na amonia inatoa hewa ya sumu. Kama lazima uitumie, basi osha kwanza na suuza mpaka harufu iishe.

Kwa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao sisi wote tunajua karantini zake zinavyosimamisha kazi, natumia soda ya kufulia, ile sodiamu kaboneti, si ile ya kuumulia mandazi. Gramu 800 kwenye jerikeni la lita 20, hiyo ndiyo asilimia 4. Lakini mavi yatoke kwanza, dawa ukiimwaga juu ya mavi umetibu mavi. Na kama bodi yako ina aluminiamu usitumie hiyo soda, inaila.

Mbao zenyewe sasa. Mvule ndiyo mfalme, haogopi mchwa wala unyevu, lakini bei yake siku hizi inatisha na pale Ndeeba, kwa wauza mbao wa Kampala, usipokuwa na jicho utauziwa mvule ambao ni mvule kwa jina tu. Mimi niliweka mkaratusi wa inchi 2 uliokaushwa vizuri. Mbichi usikubali hata wakupunguzie, utajikunja na boliti zote zitalegea. Paini bila dawa sahau. Acha nafasi ndogo kati ya mbao na mbao, kama upana wa kidole kidogo, mkojo uanguke barabarani usibaki ndani. Na vile vipande tunavyopigilia kukingama ili kwato zishike, usivifikishe ukutani pande zote mbili, acha upenyo mwishoni, la sivyo umejenga mabwawa.

Oili chafu? Kila mtu anapaka, hata mimi nilipaka miaka mingi. Kwa juu niliacha maana ng'ombe wanateleza kama wako kwenye sabuni, na ng'ombe akianguka kwenye mzigo uliobanana wenzake wanamkanyaga. Sasa napaka dawa ya mbao ya dukani, pande zote nne na zaidi kwenye ncha zilizokatwa, kabla ya kufunga boliti. Ncha ndiyo mdomo wa mbao, hapo ndipo inakunywa.

Kwa kupunguza mkojo namwaga pumba za mpunga, njia ile ya Tirinyi zinapatikana bila shida. Mchanga unashika kwato vizuri kweli, ila unaingia kwenye nafasi unaziba na unakaa na unyevu wiki nzima, sitaki.

Halafu kuna jamaa anayetunza farasi upande wa Jinja, tulikutana kwa fundi wa kuweldi, amekuja na trela ndogo ya farasi wawili. Nikamcheka, trela safi hivi inatafuta nini hapa? Akainua raba, chini yake mbao nyeusi, kisa kilekile. Akaniambia wao kabla ya kila safari lazima mtu ainue raba na mwingine aingie chini, hata kama ni safari ya kilomita tano, kwa sababu farasi akizamisha mguu trela ikiwa inatembea mwenye kuvuta huko mbele anaweza asijue kabisa. Mimi angalau nilikuwa na taniboi wa kugonga bodi.

Basi nimemuiga. Kila mwezi siku moja naingia chini na bisibisi mwenyewe, simtumi mtu. Mwezi huu mbao ya pili kutoka kwa geti imeanza kulainika pembeni ya boliti, imeingia kama nusu ya kucha. Mbao nyingine nimeshanunua, iko nyumbani imeegemea ukuta inakauka, na mama watoto ameshaanza kuanikia nguo juu yake.