Mkono huu ni wa nani?

Daktari, mwanangu akijitekenya hacheki, nikimtekenya mimi anagaagaa. Kwa nini?

Kwa sababu ubongo wake unajua mapema vidole vinakokwenda. Ubongo ukituma amri kwa misuli, hubaki na nakala yake na kukadiria mguso utakaofuata. Mguso ukija vilevile, hupunguzwa makali. London mwaka 1998, mtafiti wa ubongo Sarah-Jayne Blakemore na wenzake waliona serebela, ubongo mdogo wa kisogoni, ikihusika na kazi hiyo. Baadaye wakatumia roboti: mtu anasogeza mkono wa kushoto, roboti inafuata mwendo huo na kumsugua kiganja cha kulia kwa sifongo. Ilipocheleweshwa hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, mtekenyo ulizidi, ingawa aliyejitekenya ni yeye mwenyewe.

Shikamoo daktari. Baba alipata kiharusi. Anasema mkono wake wa kushoto si wake, ni wa shemeji. Mama anaona anatufanyia kusudi.

Marahaba, na poleni sana. Tafadhali mwambie mama hafanyi kusudi wala hajarogwa. Hali hii huonekana zaidi kiharusi kikiumiza upande wa kulia wa ubongo, unaoongoza mkono wa kushoto.

Mwaka 1998 watafiti Botvinick na Cohen, huko Marekani, waliwafanyia jaribio watu wazima wa afya. Mkono halisi ulifichwa nyuma ya kizuizi, wa mpira ukawekwa mezani mbele ya macho, yote miwili ikapitishwa brashi kwa wakati mmoja. Wengi walihisi brashi pale kwenye mpira, kana kwamba ni mkono wao. Ubongo huunganisha macho, mguso na mwendo ndipo uamue hiki ni changu. Ulio mzima unaukubali mpira. Ulioumia nao unaweza kuukana mkono wa kuzaliwa nao.

Msibishane naye. Mwelezeni daktari wake, na mkono huo muuchunge usibanwe kitandani wala kuungua kwa chai, maana huenda hausikii maumivu.

Nilikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Usiku kidole gumba chake kinaniwasha. Nina wazimu?

Huna, ndugu yangu. Sehemu ya ubongo iliyokuwa ikipokea habari za mguu bado ipo. Hali hii huwapata wengi waliokatwa viungo. Ikigeuka maumivu, muulize mtaalamu wa viungo kuhusu tiba ya kioo, iliyoanzishwa na mtaalamu wa ubongo Ramachandran miaka ya 1990. Unatazama mguu mzima kiooni ukiucheza taratibu, macho yanaona kama miguu yote ipo. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa, si wote, lakini usione haya kuiulizia.