Dodoso la nguvu za kiume: soma majibu kabla ya kujumlisha alama

Kijana wa miaka 21 kutoka Igombe, Mwanza, amejaza IIEF-5, dodoso la maswali matano, akapata alama 4 kati ya 25. Jedwali linasema 22 hadi 25 ni mzima, 7 kushuka chini ana upungufu mkubwa. Kabla hujamwandikia dawa, rudi kwenye karatasi yake. Swali la kwanza, la kujiamini, kajipa 4. Manne yaliyobaki ni sifuri, na sifuri hapo maana yake hakufanya ngono katika kipindi kinachoulizwa. Huenda hana ugonjwa wowote, hana mpenzi tu.

Mwenye sifuri usimjumlishe. Mwulize: uume husimama alfajiri? Akijichua je? Na hili ndilo zito: anakaa mbali na wanawake kwa kukosa nafasi, au kwa kuogopa kushindwa? Anayeogopa anahitaji msaada, ingawa alama zake zinafanana kabisa na za yule asiye na mpenzi.

Kipindi nacho kinadanganya. IIEF-5 inauliza miezi 6. Ile ndefu ya maswali 15 inauliza wiki 4. Mvuvi wa dagaa aliye kambini Ukerewe huvua wakati wa giza, na nyumbani pengine hurudi mbalamwezi tu. Wiki 4 zikiangukia kambini, utapata sifuri tena. Miezi 6 itaje kwa tukio: ukihoji Februari, sema "tangu Nanenane".

"Tendo la ndoa" ni lugha ya heshima, lakini kapera anaweza kujibu hapana kwa kuwa hajaoa. Andika "kufanya ngono". Kwenye mizani ya majibu, "mara chache" na "mara kadhaa" watu huzichanganya. Baki na "chini ya nusu ya mara", "karibu nusu", "zaidi ya nusu", kama dodoso lenyewe lilivyopangwa. Kisha wape vijana wachache wakueleze kwa maneno yao walichoelewa, hasa wale wa Magu na Kwimba wanaofikiri kwa Kisukuma.

Usiri ndio unaoharibu mengi. Utafiti wa MEMA kwa Vijana, uliofanyika vijijini Mwanza, ulilinganisha njia tano za kupata taarifa za ngono za vijana, vikiwemo vipimo vya maabara. Baadhi ya waliokana kuwahi kufanya ngono walikutwa na viashiria vyake. Kwa hiyo weka namba badala ya jina, bahasha ya kufunga, na kwa asiyesoma vizuri, maswali ya sauti kwenye simu yenye spika za masikioni. Kamwe usihoji mwaloni, samaki wanakoshushwa, tajiri mwenye mtumbwi akiwa karibu.

Anayelalamika kumwaga haraka mpe PEDT, dodoso la tatizo hilo: 8 au pungufu hana tatizo, 9 na 10 mpakani, 11 kwenda juu chunguza zaidi. Ongeza swali lako kuhusu damu kwenye mkojo au manii, kwa sababu kichocho kipo Kanda ya Ziwa na hakuna dodoso kati ya haya linalokiuliza. Akijibu ndiyo, apimwe mkojo.

Ukiunganisha PHQ-9, dodoso la sonona, swali la 9 linahusu mawazo ya kujidhuru. Hilo lisome kijana akiwa bado amekaa mbele yako. Karatasi zikisubiri kujumlishwa jioni, yeye ameshaondoka.